Mkono wa kulia unakufa ganzi: nibadilishe usukani wa pikipiki?

Shikamoo fundi,

Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Makambako, nina miaka 34, na kazi hii naingia nayo mwaka wa nne. Pikipiki yangu ni ya Kihindi, cc 150, breki ya mbele ni ya waya. Ni ya mkataba. Nimebakiza miezi mitano iwe mali yangu. Kijiwe chetu kiko jirani na stendi, lakini pesa yangu nyingi inatoka vijijini. Napakia watu, viazi, mbolea, mara nyingine mtu na gunia lake pamoja, na huko ni rafu rodi mwanzo mwisho. Siku yenye kazi natoka alfajiri, narudi saa mbili usiku.

Kinachonisumbua ni mikono. Ilianza mwaka jana: kidole kidogo na cha pete vinakufa ganzi, hasa mkono wa kulia. Mwanzoni nilikuwa nasimama, nakung'uta mkono, inaisha. Sasa haiishi. Usiku naamka nayo. Katikati ya mabega kunawaka moto, na ikifika jioni shingo haigeuki vizuri. Juma lililopita nilikuwa nampa mwanangu kikombe cha uji, kikaniponyoka. Sikuhisi kinatoka. Mtoto hakuungua, Mungu alisaidia, lakini tangu siku hiyo mke wangu hanyamazi: niache pikipiki.

Siwezi kuiacha, fundi. Miezi mitano tu imebaki.

Mimi ni mrefu, nakaribia futi sita na inchi mbili. Nikikaa naona kabisa kwamba usukani uko chini na uko mbali, naulalia kama mtu anayesukuma mkokoteni. Kijiweni nimepewa ushauri wa kila aina. Mmoja anasema nitafute usukani wa XL, ile pikipiki ya porini ya Honda, ule mpana wa juu, niendeshe kifua wazi kama bwana shamba. Fundi wa kuchomelea anasema nisipoteze pesa, ataukata huu huu nilio nao, aunganishe kipande cha bomba inchi nne kila upande, kwa elfu kumi na tano. Anasema ameshafanya nyingi. Huu wa sasa ulipinda kidogo mwaka jana nilipoanguka na gunia la viazi kwenye utelezi, ila uliponyooshwa siku ile ile niliendelea na kazi, kwa hiyo hauna shida.

Bosi mwenye pikipiki nilipomgusia alisema chombo kibaki kama kilivyotoka dukani mpaka mkataba uishe.

Naomba unielekeze. Ninunue usukani gani? Nikibadilisha usukani, nini kingine kinabadilika? Ganzi itaisha? Na bosi nimwambieje?

Dereva, Makambako

*

Marahaba, mwanangu. Pole na mkono, na pole kwa ule mshtuko wa kikombe.

Umeeleza vizuri urefu wako na jinsi unavyoulalia usukani, na kweli hiyo ni sehemu ya ugonjwa. Lakini neno zito kuliko yote umelipitia kwa mstari mmoja: usukani ulipinda, ukanyooshwa, "kwa hiyo hauna shida". Shida iko hapo. Usukani huo utoe, na ningekwambia hivyo hivyo hata kama mikono yako ingekuwa mizima.

Bomba la chuma likipinda, upande mmoja umevutwa na wa pili umebanwa. Ukilinyoosha, uliovutwa unabanwa, uliobanwa unavutwa. Umbo linarudi, nguvu hairudi. Chukua kipande cha waya mgumu, ukikunje na kukikunjua mahali pale pale. Mara ya kwanza huoni kitu. Ukiendelea kidogo tu, kinakatikia mkononi. Usukani wako umeshakunjwa na kukunjuliwa, na tangu siku ile rafu rodi inautikisa kutwa nzima. Ufa huanza pasipoonekana, mara nyingi pale bomba linapotokea kwenye klampu, vile vibano vinavyoushika usukani katikati, au kwenye kona ya mkunjo, na rangi inaufunika mpaka siku yake.

Sasa angalia jambo jingine. Unasema ganzi iko hasa mkono wa kulia. Uliangukia upande gani? Nina hakika kubwa kwamba ni kulia. Fanya kipimo hiki, hakihitaji pesa. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare, sakafu ya saruji ndiyo nzuri, gurudumu la mbele litazame mbele sawasawa. Chukua kamba isiyovutika. Shika ncha moja kwenye ile nati kubwa ya katikati, juu ya shingo ya pikipiki, vuta mpaka mwisho wa gripu, ule mpira wa kushikia, ya kulia, funga fundo. Peleka kamba hiyo hiyo kushoto. Kisha chukua futi ya seremala, pima kutoka sakafuni mpaka mwisho wa kila gripu. Usukani mzima unatoa vipimo vilivyo sawa au vinavyopishana milimita chache mno. Ukikuta kulia kuko chini au kumerudi kwa kiasi cha unene wa kidole, basi kwa mwaka mzima umekuwa ukiendesha umelalia upande mmoja, kifundo cha mkono kimepinda kwenda nje, bega moja liko chini, shingo inavuta kurudisha kichwa katikati. Hata moto wa katikati ya mabega unaweza kuwa umetoka hapo.

Vipimo vikiwa sawa lakini ukienda mbele moja kwa moja usukani unatazama pembeni, hiyo ni habari tofauti: shokapu za mbele zimejipinda ndani ya mabamba yanayozishika. Hutokea sana kwa pikipiki iliyoanguka. Hapo fundi analegeza bolti za mabamba, analinganisha gurudumu na usukani, anakaza upya. Usukubali akulinganishie kwa kupinda usukani.

Kuhusu fundi wa kuchomelea. Simdharau, kazi yake ni ya heshima, geti la nyumba yangu alilitengeneza mtu kama yeye na limesimama. Lakini geti haliendi barabarani na mtu juu yake. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kilicho kando ya mshono, na hapo kando ndipo kinapokatikia, mshono wenyewe ukiwa mzuri wa kupigia picha. Halafu anakuongezea inchi nne. Maana yake mkono wako unavuta ukiwa mbali zaidi na klampu, kwa hiyo kila mtikisiko unaokwenda kwenye maungio ni mkubwa kuliko wa zamani. Na usukani haukatiki pikipiki ikiwa imeegeshwa. Mara nyingi unakatika pale unapofunga breki, kwa sababu ndipo uzito wako wote na wa abiria unaposukuma mikono.

Miaka iliyopita kijana mmoja aliingia gerejini kwangu kwa miguu, ameshika kipande cha usukani, gripu yake, mkono wake wa klachi na waya vinaning'inia. Kipande kingine kilibaki kwenye pikipiki, na pikipiki ilibaki mtaroni. Maungio yalikuwa ya kuchomelea, yamepakwa rangi nyeusi ya kupendeza. Alipona kwa sababu alikuwa anapanda mlima taratibu, hana abiria. Nilikitazama kile kipande: robo tatu ya ule mkato ilikuwa imeshika kutu. Yaani ulikuwa umekatika zamani, kilichobaki kilikuwa ukanda mwembamba tu. Toka siku ile hakuna mtu niliyemwekea usukani uliochomelewa, awe amenibembeleza, awe amenikasirikia.

Kwa hiyo utanunua mpya. Je, ndiyo huo wa XL?

Jamaa yako hajakosea kwamba utaingia. Pikipiki nyingi tunazotumia, za Kihindi, za Kichina na za Kijapani, zina usukani wa bomba la milimita 22, na klampu zako zitaukamata. Hakikisha tu haujawa ule mnene katikati na mwembamba pembeni, maana huo unafika milimita 28 na nusu pale kwenye klampu na unataka klampu zake. Lakini kuingia si kufaa. Pikipiki ya porini imetengenezewa mtu anayesimama juu ya vikanyagio akipita kwenye mawe. Usukani wake umetanuka na haurudi sana nyuma. Wewe unakaa. Kinachokusumbua si kimo peke yake, ni umbali: usukani uko mbele mno, ndiyo maana kifua kinaanguka na viganja vinabeba mwili. Ukifunga usukani wa juu ambao haurudi nyuma, utanyanyua mikono na bado utaegemea mbele. Mabega yatalia zaidi.

Kuna na gunia. Mtu akikaa wima, uzito wake unarudi nyuma, na wewe nyuma yako una abiria au viazi. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Kwenye lami kavu hutagundua upesi. Kwenye kilima chenye utelezi utageuza usukani na pikipiki itaendelea ilikotaka. Ndiyo sababu sipendi usukani mrefu sana kwa mtu wa mzigo, hata awe na urefu wako. Sentimita tatu mpaka tano juu, na tatu mpaka tano kuja kwako, zinatosha watu wengi. Unaweza kuziona ndogo ukiwa dukani. Kaa juu yake saa moja ndipo utaona tofauti.

Pima kabla ya kwenda dukani. Panda pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, mtu akushikilie nyuma, miguu iweke kwenye vikanyagio. Funga macho. Legeza mabega mpaka yashuke yenyewe, kisha nyoosha mikono mbele kama unayepokea sinia, viwiko vimekunjika kidogo. Kunja ngumi. Fungua macho, na mwenzako apime ngumi zako ziko juu ya gripu kwa kiasi gani, na ziko nyuma yake kwa kiasi gani. Rudia mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza mtu hujikaza. Upana nao upime, lakini usiongeze zaidi ya vidole viwili kila upande. Usukani mpana hugeuka kwa nguvu ndogo, ni kweli, ila wewe unapita katikati ya malori pale njia panda ya Mbeya na Songea, na gripu ndiyo inayotangulia kugusa.

Usukani wa zamani uchore kwenye boksi tambarare, kwa mbele na kwa juu, ukichukua ule upande wa kushoto ambao haukupinda. Juu ya mchoro huo weka alama za ngumi zako. Nenda na boksi hilo dukani, lalisha kila usukani juu yake. Utaacha kubahatisha, na muuza spea hatakuuzia alichochoka kukaa nacho. Chagua wa chuma, uzito unaoeleweka mkononi, usio na mshono wa kuchomelea popote isipokuwa ule mwamba mdogo wa katikati kama unao. Bei yake haifiki ya tairi la nyuma.

Kuna njia ya pili ambayo madereva wengi hawaifikirii: vipande vya kunyanyulia klampu, vinakaa chini ya klampu na kuinua usukani wa kawaida sentimita mbili au tatu. Kwa mtu ambaye usukani wake uko sawa na anakosa kimo tu, hiyo ndiyo ningempa. Sharti moja: bolti ziwe ndefu kulingana na kilichoongezeka, ziingie kwenye uzi angalau kwa urefu ulio sawa na unene wa bolti yenyewe. Nimeshaona watu wamepanga washa sita juu kwa juu na bolti ya zamani imeng'ang'ania kwa nyuzi mbili. Naomba usifanye hivyo kamwe.

Na msomaji mwingine anayesoma barua hii, ambaye usukani wake haujawahi kupinda na mikono inamchosha, asinunue kitu bado. Legeza bolti nne za klampu, zungusha usukani kidogo kuja kwako, kaza, endesha siku mbili. Halafu tazama mikono ya klachi na breki. Ukiwa umekaa, nyoosha vidole: viguse mikono hiyo bila kifundo kupanda wala kushuka, mkono wote toka kwenye kiwiko uwe mstari mmoja. Pikipiki nyingi zinatoka dukani mikono hiyo ikitazama mbele mno, na mtu mrefu anakunja kifundo mara elfu kwa siku.

Sasa kazi ya kufunga. Nakueleza hata kama utampa fundi, ili usimame pale ukijua anachofanya. Kwanza atoe waya hasi wa betri, kwa sababu nyaya za swichi za taa na honi zinashikwashikwa hapa na shoti ni rahisi. Afunike tangi kwa kitambaa kizito. Vioo, mikono, swichi vitoke, gripu zitoke kwa kupenyeza maji ya sabuni, na kama ni ngumu kama mfupa zikatwe, maana utaweka mpya. Ndani ya nyumba ya swichi kuna kijipini kinachoingia kwenye tundu la usukani ili swichi isizunguke. Usukani mpya mara nyingi hauna tundu hilo. Fundi mvivu hukata kipini. Ukimruhusu, siku moja utavuta mafuta na nyumba nzima itazunguka na mkono wako. Atoboe tundu dogo kwa keekee, saizi ya kipini tu, baada ya wewe kukaa na kuridhika na mahali swichi ilipo. Kosa la kutoboa halirekebishiki, na tundu juu ya tundu ni udhaifu.

Klampu zisafishwe mafuta na vumbi ndani. Kama kifuniko cha klampu kina alama ya nukta au mshale, alama itazame mbele, bolti za mbele zikazwe kwanza mpaka mwisho, kisha za nyuma, na nafasi ndogo itabaki nyuma, ndivyo ilivyokusudiwa. Kama hakina alama, nafasi iwe sawa mbele na nyuma. Ni bolti za milimita 8, zinataka nguvu ya wastani, spana fupi na mkono mmoja. Akining'inia na bomba la kuongezea nguvu, atakata uzi.

Ukiuliza nini kingine kinabadilika, jibu ni nyaya. Hapa ndipo nataka usikilize sana. Waya wa klachi, wa breki ya mbele, wa eksileta, wa choki kama uko kwenye usukani, na nyaya za umeme, zote zilikatwa kwa urefu wa usukani wa kwanza. Kwa sentimita tatu au nne mara nyingi zinafika, ukizipitisha upya bila kuzizungusha. Zaidi ya hapo utanunua ndefu. Zisibanwe kati ya shingo na shokapu, zisiguse injini wala bomba la moshi. Ukimaliza, weka gia huru, washa, iache ingurume yenyewe bila kuvuta mafuta. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, taratibu. Sauti ya injini isibadilike hata kidogo. Ikipanda, waya wa eksileta ni mfupi au umebanwa, na siku utakapokata kona kali pale stendi pikipiki itajivuta mafuta yenyewe mbele ya watu. Usiondoke gerejini na pikipiki ya namna hiyo. Gripu ya mafuta iwe na mchezo kidogo kabla ya kuvuta, milimita 2 mpaka 6 kwa pikipiki nyingi, na ukiiachia irudi yenyewe kwa haraka, usukani ukiwa umegeukia upande wowote. Klachi na breki vijaribu hivyo hivyo, kushoto na kulia. Ukiona mtu ana breki ya mbele ya diski, kwake yeye ni mpira wa mafuta ya breki ndio wa kutazama usivutike.

Wakati nyaya ziko nje, zitie mafuta mepesi. Waya mkavu wa eksileta unamlazimisha dereva kukaba gripu kwa nguvu kutwa nzima, tena ni mkono ule ule wa kulia.

Nirudi kwenye mkono wenyewe. Kidole kidogo na cha pete vinahudumiwa na mshipa mmoja wa fahamu, unaopita nyuma ya kiwiko, ukashuka mpaka kwenye kiganja upande wa kidole kidogo. Ukiegemea gripu kwa kisigino cha kiganja, unaukandamiza hapo hapo, na mtikisiko wa injini unaongezea. Ndiyo maana naamini usukani unaokuja karibu utakusaidia. Gripu mpya laini zitasaidia pia, ila zisiwe nene kupita kiasi, kitu kinene hukabwa zaidi. Vaa glavu, Makambako mwezi wa sita na wa saba kuna upepo ambao peke yake unatosha kuua vidole. Bana tangi kwa magoti, mikono ishike tu, isibebe. Simama kila baada ya saa moja hata kama abiria ananung'unika. Na shokapu za mbele kama zinavuja mafuta, kila shimo linakuja mzima mzima mkononi, hizo zitengenezwe pamoja na usukani.

Lakini kikombe kilichoponyoka ni jambo jingine. Ganzi inayokuja na kuondoka ni mshipa unaolalamika. Mkono unaoangusha kitu bila kujua ni mshipa unaoanza kushindwa. Usingoje usukani. Nenda hospitali juma hili, mwambie daktari vidole ni vipi, kwamba unaamka usiku, kwamba shingo nayo inauma, kwa sababu mshipa unaweza kubanwa shingoni, kiwikoni au kiganjani na ni yeye atakayejua. Mwombe akupime na sukari. Tazama ile nyama kati ya gumba na kidole cha shahada, linganisha kulia na kushoto. Kama ya kulia imebonyea, mwonyeshe. Mimi ni fundi wa pikipiki, na siwezi kukuahidi kwamba ganzi itaisha. Mshipa uliobanwa mwaka mzima hupona polepole, na ukicheleweshwa sana huweza usipone wote. Mke wako hakukosea kuogopa. Mweleze kwamba unakwenda hospitali, usimweleze habari za usukani kwanza.

Bosi wako naye ana haki, chombo ni chake mpaka shilingi ya mwisho, na wengi wameharibiwa pikipiki kwa mapambo. Usimwendee na maneno ya kijiweni. Mwendee na kamba na futi. Mpimie mbele yake, aone kulia na kushoto havilingani, umwambie ulivyoanguka, hata kama hukumwambia mwaka jana. Itakuwa aibu ya dakika tano. Mwambie: "Bosi, huu ukikatika nikiwa na abiria, wewe na mimi tutakuwa tumepoteza pikipiki na mtu. Nanunua kwa pesa yangu, wa chuma, unene ule ule, umepanda na kurudi nyuma kidogo tu, kama unataka fundi awe wa kwako." Akikubali, akutumie hata ujumbe mfupi kwenye simu, uutunze na mkataba. Kama anakataa kabisa kimo kiongezeke, funga mpya wa kawaida ulionyooka, hiyo peke yake itakuondolea nusu ya mzigo, na hivyo vya kunyanyulia vingoje miezi mitano.

Ukishafunga, siku mbili za kwanza endesha bila abiria wala gunia. Mwili utakuwa umezoea kulala mbele, na breki itakuja mkononi mapema kuliko ulivyozoea. Baada ya kama kilomita 100 rudi kwa fundi akaze tena bolti nne. Ukifika mwendo wa 60 na usukani unapepea, punguza mafuta polepole, usifunge breki kwa ghafla, ukarudi gerejini: ama klampu zimelegea, ama bearing za shingo zimekwisha, ama umepanda juu mno kwa mzigo unaobeba.

Ule wa zamani usiuache gerejini. Ukate kwa msumeno vipande viwili mbele ya macho yako, la sivyo utapakwa rangi na kufungwa kwenye pikipiki ya kijana mwingine.

Uniandikie kamba imesemaje, kulia na kushoto, na daktari amesemaje. Hiyo kamba ipime leo jioni, kabla hujapakia mtu wa kesho.